Vyama vya politika na masomo yetu: habari ya Bunia na Ituri tangu 1959

Makatekista wengi, hata na walimu wa masomo, wanauliza: Je, ni halali kufundisha vijana mambo ya vyama vya politika? Wengine wanaogopa. Wanasema: «Politika ni matope, mwenye kuigusa atachafuka.» Wengine wanasema: «Padri afundishe katekisimu, mengine ayaachie wakubwa wa serkali.» Kwa kuwajibu tutaanza na historia kwanza, shauri litakuja nyuma. Kwa maana hapa kwetu Ituri, tangu miaka zaidi ya sitini, vijana wamefundishwa politika siku zote: barabarani, sokoni, katika mikutano, na wakati mwingine kwa bunduki. Basi inafaa tutazame nani aliwafundisha, na matunda yake yalikuwa gani.

1. Wakati chama kilikuwa neno geni

Mbele ya mwaka 1957 hapakuwa Mukongomani aliyeitwa na serkali ya Wabelji kuchagua mutu kwa kura. Desemba 1957 walifungua uchaguzi katika miji mitatu tu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Desemba 1958 ikawa zamu ya Stanleyville, Bukavu, Coquilhatville na Luluabourg. Bunia haikuwa kati ya miji ile.

Katika masomo ya misioni, mutoto wa Djugu ao wa Mahagi alijifunza kusoma, kuhesabu, kazi za mikono, na maneno ya dini. Alijua majina ya wafalme wa Ubelgiji. Lakini kama ungalimuuliza: «Chama ni nini?», angalikujibu: «Ni Lejio ya Maria», ao «Ni Xaveri.» Hakukosa. Vyama alivyovijua ni vile.

Tusiseme kwamba Eklezya ilinyamaza. Mwaka 1956 Maaskofu wa Kongo walitangaza kwamba wenyeji wa inchi wana haki ya kushiriki katika utawala wake, na kwamba kazi ya Eklezya si kuchagua namna ya utawala huo. Mwezi wa Julai wa mwaka ule, gazeti «Conscience africaine» la Léopoldville likatoa Manifesto yake. Waandishi wake walikuwa Wakongomani wakatoliki, kama Joseph Iléo, na padri Joseph Malula alikuwa karibu nao. Lakini Manifesto ile iliandikwa kwa Kifaransa. Katekista wa kijiji aliyesoma Kiswahili tu hakuweza kuifungua. Mafundisho yalikuwa mazuri, lakini yalikaa juu kama matunda ya muti murefu, na watoto walikuwa chini.

2. Miezi minne na siku kumi

Kisha mambo yakaenda mbio. ABAKO ilikuwa tangu 1950, kwa kulinda lugha na desturi za Wakongo wa chini, ikageuka chama cha politika mukononi mwa Joseph Kasa-Vubu. Oktoba 1958 Patrice Lumumba na wenzake wakaanzisha MNC. Mwaka ule ule CEREA ikazaliwa Bukavu. Novemba 1959 vyama vingi vidogo vikaungana Coquilhatville kuwa PNP. Wakati wa uchaguzi, vyama vilikuwa makumi na makumi.

Hapa vijana wetu wanapashwa kuelewa neno moja: kongre. Kongre ni mukutano mukubwa wa chama. Wajumbe wanatoka pande zote, wanachagua wakubwa wa chama, wanakata shauri juu ya mambo watakayoyaomba kwa wachaguzi. Aprili 1959 vyama mbalimbali vilikutana Luluabourg, wakubwa wao wakajuana kwa uso. Julai 1959 MNC ikapasuka: kwa upande mumoja Lumumba, kwa upande wa pili Albert Kalonji, Iléo na wenzao. Oktoba 1959 MNC ya Lumumba ikafanya kongre yake Stanleyville, katika provinsi yetu ya zamani. Mwisho wa mukutano ule fujo ilitokea, watu wakafa, na tarehe 1 Novemba Lumumba akakamatwa. Mutu wa Bunia aliyesikia habari ile aliwaza kwamba kongre ni mahali pa kufia. Hakuna aliyekuwa amemueleza kwamba kongre ni mahali pa kushaurianа.

Mezani pa Bruxelles, kati ya 20 Januari na 20 Februari 1960, Wabelji na Wakongomani wakapatana kwamba Uhuru utakuja tarehe 30 Juni. Muhesabu wenyewe: tangu mwisho wa mukutano ule mpaka Uhuru ni miezi minne na siku kumi. Katika wakati ule mufupi ilipashwa kuandika wachaguzi, kupanga majina ya wanaoomba kura, kueleza kura ni nini, kuchagua, kuhesabu, na kuunda serkali. Tena wanaume tu walichagua. Wanawake wa Kongo walipewa haki ya kura mwaka 1967. Basi mama wa nyumba, ambaye ndiye mwalimu wa kwanza wa mutoto, hakuitwa hata kidogo.

Uchaguzi ulikuwa mwezi wa Mei. Baraza la wadepute lilikuwa na viti 137. MNC ya Lumumba ikapata 33, PNP 15, PSA 13, ABAKO 12, CEREA 10, na vingine vikagawanywa kwa vyama vingine. Katika provinsi ya Orientale, ambamo Ituri ilikuwemo, MNC ikapata viti 58 kati ya 70 vya baraza la provinsi. Maulizo makubwa ya uchaguzi yalikuwa mawili. La kwanza: Kongo iwe inchi moja yenye serkali moja ya nguvu, kama Lumumba alivyotaka, ao iwe muungano wa provinsi zenye kujitawala, kama ABAKO na wengine walivyotaka? La pili: Kuachana na Wabelji mara moja, ao polepole? Maulizo yale yalikuwa ya maana sana. Mutu mwema aliweza kujibu ndiyo ao hapana bila dhambi. Lakini watu wengi hawakusikia maulizo yale, walisikia majina tu. Walinunua kadi ya chama kama mutu anavyonunua dawa asiyoijua.

3. Jina la chama linapogeuka kuwa upanga

Matunda ya kutofundishwa yalionekana upesi. Wapinzani wa PNP waliiita chama cha watu weusi waliolipwa, kwa sababu machefu wengi walikuwamo na wakubwa wa kizungu waliipenda. Katika vita ya maneno ya uchaguzi, mambo kama yale yanatokea kila inchi. Lakini tazameni lililofuata. Mwaka 1964 uasi wa Wasimba ulifika Stanleyville tarehe 5 Agosti, ukaingia na Bunia pia. PNP yenyewe ilikuwa imekwisha kupoteza nguvu zake zote. Hata hivi, herufi zile tatu zikaendelea kufanya kazi. Makarani, walimu, watu waliojua Kifaransa, wakapelekwa kuuawa kwa neno moja: «Huyu ni PNP.» Wengi kati yao hawakuwa na kadi yake hata siku moja.

Tunaandika habari hii pasipo kutaka kuamsha uchungu wa zamani. Tunaiandika kwa sababu inaonyesha wazi kwamba mutu asiyefundishwa anachukua jina la chama kama jina la adui. Chama ni mapatano ya watu juu ya mambo fulani ya inchi, mapatano yanaweza kuvunjika kesho. Mutu akikifanya kuwa damu na ukoo, kinakuwa silaha.

Wakati ule Bunia ilikuwa kichwa cha provinsi ndogo ya Kibali-Ituri, tangu 1962 mpaka 1966. Kisha uchaguzi wa 1965 ukaleta tena magomvi kati ya Rais Kasa-Vubu na Moïse Tshombe, na tarehe 24 Novemba 1965 jenerali Mobutu akatwaa utawala. Watu wengi walifurahi. Walisema: «Vyama vimetuchosha.» Tulipaswa kuogopa neno lile.

4. Chama kimoja darasani

MPR ilizaliwa mwaka 1967. Katiba ya mwaka ule ilisema kwamba vyama viwili vinaweza kuwako, lakini cha pili hakikuonekana. Desemba 1970 katiba ikageuzwa, MPR ikabaki peke yake. Katiba ya 1974 ikaiweka juu ya yote, kila Muzaïre akahesabiwa kuwa mwana wa chama tangu kuzaliwa, apende asipende. Katika uchaguzi wa Rais wa 1970, aliyeomba kura alikuwa mumoja. Mwenye kukubali alichukua kartasi ya kijani, iliyoitwa ya matumaini; mwenye kukataa alichukua nyekundu, iliyoitwa ya fujo. Walipohesabu, serkali ilitangaza kwamba waliokataa katika inchi nzima ni 157.

Sasa tunafika mahali panapotugusa sisi wenyewe. Chama kile kilijua vizuri kwamba mafundisho ni kitu kikubwa. Mwisho wa 1971 na mwanzo wa 1972, serkali iliagiza vijana wa chama, JMPR, wawe na tawi lao hata ndani ya seminari. Maaskofu walikataa. Magomvi yakawa makali, hata Kardinali Malula akalazimishwa kuondoka, akakaa Roma miezi kadhaa. Kisha Maaskofu wakakubali tawi lile, kwa sharti kwamba mamlaka ya wakubwa wa seminari yasivunjwe. Mwisho wa 1974 serkali ikanyang'anya masomo yote ya misioni. Saa ya dini ikaondolewa, mafundisho ya chama yakaingia pahali pake. Februari 1977, masomo yakiwa yameharibika, serkali ilipatana na Eklezya na kuyarudisha.

Wasomaji wetu wazee wanakumbuka nyimbo na michezo ya asubuhi mbele ya bendera. Mutoto wa miaka kumi alijua kumusifu Mwongozi, lakini hakujua kumuuliza depute swali. Alijifunza kwamba chama, serkali na inchi ni kitu kimoja. Hili ndilo kosa kubwa la mafundisho yale, kupita hata nyimbo zenyewe. Maana kama chama ni inchi, mwenye kukataa chama ni adui wa inchi. Tunaona namna gani fikira hii inafanana na ile ya 1964, ingawa nguo zake ni nyingine.

5. Kutoka 1990 mpaka vita ya Ituri

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Kwanza alisema vitakuwa vitatu, kisha hesabu ikaachwa wazi, vikatokea vyama mia na zaidi. Agosti 1991 Kongre kubwa ya taifa, iliyoitwa Konferensi ya Taifa yenye Mamlaka, ikafunguliwa Kinshasa, na Desemba 1991 Askofu Mukubwa Laurent Monsengwo akachaguliwa kuiongoza. Januari 1992 serkali ikaifunga. Tarehe 16 Februari wakristu wakatembea kwa amani mabarabarani wakiomba ifunguliwe. Waaskari wakapiga risasi, watu wakafa. Ikafunguliwa tena mwezi wa Aprili, ikaendelea mpaka Desemba. Wajumbe walikuwa zaidi ya 2,800. Kwa mara ya kwanza watu wa inchi hii walisikia katika radio wakubwa wakiulizwa mbele ya wote juu ya feza na juu ya damu. Lilikuwa somo kubwa la politika kupita yote tuliyoyapata. Lakini vita ya 1996 na ya 1998 ikalikata.

Kisha Ituri ikaona neno chama likigeuka tena. Kati ya 1999 na 2003, vikundi vyenye bunduki vilitawala na kugombania Bunia. Vyote vilijipa majina ya vyama: UPC, FNI, FRPI, PUSIC, na vingine. Someni majina yale kwa urefu, mutaona yanasema umoja, uzalendo, ulinzi, usalama. Katika kazi yake, kila kimoja kilisimama nyuma ya kabila. Agosti 2002 UPC ilitwaa Bunia. Februari 2003 Bogoro ikashambuliwa. Mei 2003, waaskari wa Uganda walipoondoka, muji ukajaa maiti, na mapadri wawili wa parokia ya Nyakasanza wakauawa. Kutoka Juni mpaka Septemba jeshi la Ulaya lilikuja kusimamisha mauaji.

Nyuma yake, Korti ya kimataifa ya La Haye ikamuhukumu Thomas Lubanga wa UPC mwaka 2012, kwa kosa la kuwaandika na kuwatumikisha vitani watoto wa chini ya miaka 15. Mwaka 2014 ikamuhukumu Germain Katanga wa FRPI juu ya mashambulio ya Bogoro. Tuelewe hukumu ile ya kwanza. Korti ile haikuwa imekwisha kutoa hukumu nyingine mbele yake. Hukumu ya kwanza ya korti ya dunia nzima ilikuwa juu ya watoto wa Ituri, wa umri ule ule wa wale wanaokaa katika mabenchi ya masomo yetu. Vikundi vile viliwafundisha watoto politika, na mwalimu wao alikuwa komanda.

6. Yanayofaa kufundishwa leo

Katiba ya 2006 inasema mambo mawili ambayo kila mwanafunzi anapashwa kuyajua kwa moyo. Kifungu cha 7 kinasema: kuanzisha chama kimoja cha kutawala peke yake ni kusaliti taifa, na kosa hilo halizeeki. Kifungu cha 190 kinakataza mutu ye yote kuunda jeshi lake. Kwa kifungu cha kwanza tunalindwa na mambo ya 1970. Kwa cha pili, na mambo ya 2003. Kartasi peke yake haimulindi mutu, ni kweli. Lakini mutu asiyejua sheria yake hawezi hata kuidai.

Tangu 2006 tumechagua mara nyingi: 2006, 2011, 2018 na 2023. Uchaguzi wa kwanza ulisimamiwa na tume iliyoongozwa na padri Apollinaire Malumalu. Waliomba urais walikuwa 33. Walioomba viti 500 vya wadepute walipita 9,000. Muchaguzi alipewa kartasi kubwa kama gazeti, yenye nyuso na alama. Alifanyaje? Mara nyingi alitafuta jina la ukoo wake. Na hapa Ituri, iliyokuwa provinsi tangu 2015, kisha ikawekwa chini ya utawala wa waaskari mwezi wa Mei 2021, wengi wanasema kura haileti kitu. Tunaelewa uchungu wao. Lakini mwenye kuacha kura anawaachia wenye bunduki neno lote.

Basi tunawapa walimu na makatekista mambo manne ya kushika.

La kwanza: muwatenganishie vijana maneno matatu. Inchi ni yetu sote, na haibadiliki kwa uchaguzi. Serkali ni watumishi wa inchi kwa muda. Chama ni watu waliopatana kuomba utumishi ule. Mwanafunzi akiweza kueleza maneno haya matatu kwa mufano wa kijiji chake, amekwisha kujifunza nusu ya politika.

La pili: muwazoeze kuuliza chama. Kongre yake ilikutana lini, na wakubwa wake wanachaguliwa na nani? Feza zake zinatoka wapi? Kinasema nini juu ya usalama wa Djugu na Irumu, juu ya mashamba, juu ya zahabu ya Kilo na Mongbwalu, juu ya barabara ya Mambasa na ya Mahagi? Chama kisichojibu maulizo haya kina jina tu.

La tatu: mutumie hesabu. Andikeni ubaoni viti 137 vya 1960, na 33 vya chama cha kwanza. Waulizeni: zinapashwa ngapi kwa kutawala? Watajibu 69. Inabaki ngapi? 36. Zitatoka wapi? Kwa vyama vingine, kwa mapatano. Hivi mutoto anaona kwa macho yake kwamba katika inchi yetu hakuna anayeweza kutawala vema bila kupatana na mwenzake ambaye hakumupenda jana. Somo hili halimutukani mutu, wala halichochei kabila.

La nne linatuhusu sisi mapadri na waseminari. Sheria ya Eklezya, kanoni 287, inawakataza makleri kufanya kazi katika vyama vya politika, isipokuwa mukubwa wa Eklezya ameona kwamba haki za Eklezya ao mafaa ya wote yanadai hivyo. Mutaguso wa Vatikano wa pili ulisema kwamba Eklezya haifungwi na utaratibu wo wote wa politika. Tusigeuze maneno haya kuwa sababu ya kunyamaza. Padri anaweza kueleza vyama vyote, lakini asivae shati ya kimoja. Siku ambapo mukristu mumoja akitoka misa akisema: «Padri wetu ni wa chama chetu», mukristu mwingine atatafuta misa pahali pengine, na altare itakuwa imegawanyika.

Tunajua kwamba kazi hii si nyepesi. Katika darasa moja kunakaa mutoto ambaye baba yake aliuawa na watu wa upande fulani, na kando yake mutoto wa upande ule. Mwalimu akitaja jina la kikundi, macho yote yanashuka. Asilazimishe, asidanganye pia. Aanze na 1960, wakati ambao hakuna mutoto aliyeuona, asogee polepole mpaka mambo ya karibu, na awaache watoto wenyewe watambue yanayofanana. Wakati mwingine mwaka mzima hautoshi. Lakini kama sisi tukiona aibu kuwafundisha vijana chama ni nini, wako wengine wasioona aibu, nao wanafundisha usiku, porini, pasipo buku.